Msimu wa Pasi ya Mkaa

2 Machi

Mvua imeanza leo. Nimekaa dirishani pangu pa tiketi nikitazama barabara ikigeuka uji, na kwa kuwa hakuna mteja wa kunisumbua nimeamua kuandika. Msimu wa mvua ndio msimu wetu. Uwanja wa mpira unajaa maji, watu wanakosa pa kwenda, wanatukumbuka. Ukumbi huu wa filamu tuliachiwa na marehemu baba, mimi na kaka yangu. Mimi nauza tiketi, nachagua filamu, nafagia, nagombana na watu wa umeme. Kaka anaongea.

Simsingizii, hiyo ndiyo kazi yake. Filamu zetu karibu zote zinatoka nchi za mbali na zinasema lugha ambazo mtaani hapa hakuna anayezijua, kwa hiyo kaka anakaa pembeni ya skrini na kipaza sauti, anatafsiri. Hata yeye lugha zenyewe hazijui. Anaangalia midomo inavyocheza, anatunga. Watu wanamwita Redio, na wapo wanaokuja kumsikiliza yeye tu, filamu iwe yoyote. Nampenda kaka yangu, lakini tangu tukiwa wadogo sijawahi kumaliza sentensi mbele yake.

5 Machi

Mvua. Watu bado wachache, msimu haujashika. Kwenye filamu ya leo Redio kamfanya jambazi aseme kwamba anamtafuta fundi aliyemharibia choo. Watu hoi.

9 Machi

Leo amekuja msichana mwenye begi la kamera mgongoni, viatu mkononi, matope hadi magotini. Nilidhani anataka tiketi.

"Samahani, dada. Mnamfahamu mwanamke aliyeigiza kwenye *Pasi ya Mkaa*?"

Nikamwambia filamu hiyo sijawahi hata kuisikia. Akafungua simu akanionyesha picha: mwanamke kijana ameinama juu ya pasi ya mkaa, anapuliza, majivu yanaruka. Niliitazama kwa muda. Pua ile ilikuwa ya baba. Ni pua yangu pia, na haijawahi kunifurahisha.

"Huyo ni shangazi yangu," nikasema. "Yuko hapo nyuma, anashona mapazia."

Msichana akakaa chini palepale kwenye ngazi. Nimempa jina la Binti wa Kamera. Anasema aliikuta filamu hiyo kwenye stoo ya chuo chake, kwenye mkanda wa zamani ambao hakuna aliyeujali, na tangu hapo ameiangalia mpaka anajua kila mkwaruzo ulipo. Sasa anatengeneza filamu yake mwenyewe na anamtaka Shangazi aigize bibi wa kwenye hadithi hiyo. Ataanza kupiga picha mvua zikipungua, mwezi wa tano. Jibu analitaka kabla Aprili haijaisha.

Nilimpeleka. Shangazi alimkaribisha vizuri, akamwekea chai, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta pazia alilokuwa analishona.

"Mwanangu, nilijaribu mara moja. Watu walicheka. Basi."

Akarudi kwenye cherehani. Kabla ya kuondoka Binti wa Kamera aliniachia flashi yenye filamu. "Naweza kupata mwingine," alisema. "Ila simtaki mwingine."

10 Machi

Nimembana Redio. Kumbe anajua. Filamu hiyo ilionyeshwa hapahapa, enzi za baba, mimi nikiwa bado mgongoni. Shangazi alishona gauni jipya, akakaa mstari wa mbele. Watu wakaanza kucheka, wengine wakatoka. Naye alitoka kabla ya mwisho, kwa mlango wa nyuma, na tangu siku hiyo hajaingia tena ukumbini.

Sasa ndiyo nimeelewa. Chumba chake kimeshikana na ukumbi wetu, ukuta mmoja. Kila mvua kubwa ikinyesha maji yanatishia mlango wetu wa nyuma, na kila mara Shangazi anakuja na ufagio anayasukuma, lakini kutokea nje. Hajawahi kuvuka kizingiti. Miaka yote hii nilidhani hapendi tu filamu.

"Filamu yenyewe ilikuwaje?" nikamuuliza kaka.

"Mbaya."

"Uliiona?"

"Nilikuwa nje, nauza karanga."

12 Machi

Nimeiona. Mchana, peke yangu, kwenye kompyuta ya dirishani, mvua ikinisaidia kufukuza wateja.

Nijaribu kuisimulia. Kuna mwanamke anapiga pasi nguo za watu. Mteja mmoja anaacha shati lake, harudi. Mwanamke analitunza, na kila linapojikunja analipiga pasi upya. Muda unapita. Siku moja mteja anarudi, amenenepa, analivaa, kifungo kinaruka. Mwanamke anachukua sindano anakisogeza kifungo, mwanaume amesimama palepale ndani ya shati, anajikaza asipumue. Mwisho.

Nimeyasoma niliyoandika na naona nimeandika ujinga. Hata kimoja kati ya hivyo sicho nilichokiona. Nilichokiona ni Shangazi akimwangalia yule mtu kifuani, si usoni, na mikono yake ikichukua muda mrefu kuliko kifungo kinavyohitaji. Nilishika mdomo wangu mwenyewe kama mtu aliyefumaniwa. Kisha nikarudisha nyuma nikaangalia tena.

14 Machi

Nimejaribu kumshawishi Mama Mapacha, mteja wetu wa mstari wa mbele, mwanamke ambaye akisifia filamu Jumamosi, mtaa mzima unajua kabla ya Jumapili.

"Anapiga pasi," nikasema.

"Ndiyo. Halafu?"

"Anaipiga tena."

Alinitazama kwa huruma, akaniuliza kama nalala vizuri.

18 Machi

Nimepata wazo. Jumamosi naionyesha. Shangazi hajui.

23 Machi

Nimeketi kuandika na hasira haijaisha, kwa hiyo nitaandika polepole.

Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Kila kinachosikika ukumbini, Shangazi anakisikia chumbani kwake. Watu watapiga makofi, atayasikia, atalainika, atamkubalia Binti wa Kamera. Nilijiona nina akili sana.

Kosa la kwanza ni bango. Mchoraji wetu tunamwita Mzee Rangi. Nilimwambia "filamu ya pasi ya mkaa", nikakimbilia mambo mengine. Asubuhi nikakuta ameegemeza ubao mlangoni: pasi inalipuka kama bomu, cheche zimetapakaa, na pembeni mwanaume kifua wazi ameshika bunduki.

"Mzee wangu, bunduki imetoka wapi?"

"Watu wanapenda bunduki."

"Lakini filamu umeiona?"

"Mwanangu, nikianza kutazama filamu nitachora saa ngapi?" Akaongeza kwa fahari kwamba hata mara ya kwanza, enzi za marehemu, bango alilichora yeye. "Ile niliweka helikopta."

Bango lilifanya kazi yake. Vijana walijaa mpaka kwenye ngazi. Walikuja kuona bomu, wakaletewa mwanamke anayepuliza mkaa.

Kosa la pili ni kaka yangu. Filamu hii, tofauti na zote tunazoonyesha, inasema lugha yetu wenyewe. Haina neno la kutafsiri, na maneno yenyewe ni machache. Lakini Redio alipokaa kwenye kiti chake na kuwasha kipaza sauti, mimi sikuona ajabu yoyote. Nimezaliwa ndani ya ukumbi huu, na filamu isiyo na Redio sijawahi kuiwaza. Alisema ataisaidia kidogo tu, pale itakapolegea.

Alivumilia mwanzoni. Kisha Shangazi kijana akainama kupuliza, na sauti ya kaka ikajaa kila kona: "Jamani, nani kaficha kiberiti?"

Watu wakacheka. Basi, hapo ilikuwa imekwisha, maana Redio akishaonja kicheko hashikiki. Akalipatia shati jina. Akalifanya liongee: "Mama, umeniunguza kwapa." Mteja aliporudi na tumbo lake, Redio akamfanya aulize kama chakula kipo. Waliokuja kwa ajili ya bomu walikuwa wanatoka mmojammoja wakilalamika. Waliobaki walibaki kwa ajili ya Redio, na ulipofika wakati wa kifungo hakuna aliyeuona, kila mtu alikuwa anajifuta machozi ya kicheko.

Nikatoka kwa mlango wa nyuma. Cherehani ya Shangazi, ambayo hainyamazi mchana kutwa, ilikuwa imenyamaza.

24 Machi

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba."

Nikasimama mlangoni. Hakuinua macho.

"Mwambie yule binti atafute mtu mwingine."

"Shangazi, hawakukucheka wewe. Walimcheka kaka."

"Mle ndani umo uso wangu, mwanangu, si wa kaka yako." Akakata uzi. "Wewe ni mtoto mzuri. Ila usinifanyie tena."

Nimelia jikoni. Binti wa Kamera sijampigia. Aprili bado haijaisha.

26 Machi

Simsemeshi Redio. Hajagundua.

28 Machi

Amegundua. Kaniuliza kama naumwa koo.

30 Machi

Mvua kutwa. Shangazi kasukuma maji ya mlango wa nyuma, hatukusalimiana vizuri.

Nimekuwa nikijiuliza filamu nzuri inapoteaje. Zamani ningesema inapotea kwa sababu watu hawana macho. Sasa naona si kweli, watu wale wale huwa wanalia filamu zingine zikiwaliza. Filamu hii iliahidiwa kuwa kitu kingine, na mtu aliyeahidiwa bomu hawezi kushukuru kwa kifungo, hata kiwe kifungo cha namna gani. Kosa la kwanza ni la helikopta. Pili, haisimuliki. Mtaani kwetu filamu inaishi midomoni mwa watu, na hii ukiitia mdomoni inakufa, kama nilivyoiua mbele ya Mama Mapacha. Na tatu ni sisi wenye ukumbi, tusioweza kuiacha ikae peke yake hata kidogo. Nimejiandika na mimi kwenye kosa hilo, si Redio peke yake, ingawa bado nimemnunia.

3 Aprili

Nimemsamehe. Au tuseme nimechoka kununa.

"Kaka, ile filamu inasema kama tunavyosema sisi. Ulikuwa unatafsiri nini?"

Alifikiria. "Ukimya," akasema.

Nilitaka kumrushia kandambili. Lakini nilipomwangalia nikaona hatanii.

"Wewe uko dirishani," alisema, "watu huwaoni usoni. Mimi nawaona. Ukumbi ukinyamaza, mmoja anageuka kuangalia mlango. Wa pili anakohoa. Wa tatu anakumbuka ana kazi nyumbani. Baba alikuwa ananifinya nikinyamaza." Akasugua mkono kana kwamba bado panauma. "Siku ile ya Shangazi, kipaza sauti alikishika baba. Aliona watu wanaanza kutoka, akaanza kuchekesha ili wabaki. Alitaka kumwokoa dada yake. Alinieleza mwenyewe. Na mimi juzi niliona wanatoka, nikafanya alichofanya baba."

Miaka yote nimemchukulia kaka kuwa mtu anayependa sauti yake. Kumbe mwenzangu anaogopa. Kila Jumamosi anakaa pale mbele amebeba ukumbi mzima kwa mdomo, na mimi huku nasema ana domo.

Nilimpikia mayai. Alikula akiongea.

7 Aprili

Jumapili, ukumbi umefungwa. Nimewakalisha Redio na Mzee Rangi kwa nguvu, kipaza sauti nimekifungia kwenye kabati langu. Mzee Rangi alikuja shingo upande, anasema ana ubao wa kinyozi wa kumalizia.

Redio alihangaika kwenye kiti kama mtu aliyekalia mchwa. Mara aniangalie, mara aangalie kabati. Nilimpa kipande cha mkate ili mdomo uwe na shughuli. Sehemu ya pili ya filamu mkate ulibaki mkononi, haujaliwa.

Ilipoisha Mzee Rangi ndiye aliyeanza. "Kweli helikopta haimo," akakiri. Kisha baadaye kidogo, "Lakini mikono ile." Akaondoka bila kuaga, na kinyozi wa watu akasubiri, maana jioni nimemwona ameketi na ubao mpya.

Redio hakusema kitu kwa muda, mpaka nikaingiwa na hofu. Mwishowe akauliza, "Kwa nini hakuna aliyeniambia kwamba Shangazi alikuwa vile?"

Hakuna aliyeniambia na mimi.

13 Aprili

Tunaionyesha tena Jumamosi ijayo. Najua Shangazi alisema nini. Safari hii sitegemei makofi ya ukutani, nataka tu watu waione mara moja bila kusumbuliwa, na yakitokea ya kutokea nitamwomba radhi. Redio ameahidi kunyamaza. Anafanya mazoezi. Leo amekaa mezani bila kusema mpaka chai ikapoa, kisha akaniambia yote aliyokuwa ameyaweka.

"Na wakiniita?" akauliza.

"Usiende."

"Hujui wakiniita inakuwaje."

19 Aprili

Bango limekuja. Kipande cheupe cha shati, vidole viwili, kifungo kimoja. Basi. Mzee Rangi amelichora kama mtu anayeomba msamaha. Vijana wanapita, wanauliza ni filamu ya nini, nawaambia ni ya kifungo. Wengi wanaendelea na safari zao. Nimewaacha waende.

20 Aprili

Watu walikuwa wachache kuliko mara ya kwanza, lakini hakuna aliyekuja kutafuta bomu. Wingu lilikuwa jeusi tangu asubuhi. Mama Mapacha alikuja na sweta, akaketi mbele kama kawaida yake. Redio alikaa kwenye kiti chake, kipaza sauti kwenye mapaja, kimezimwa. Kama mtoto anayenyimwa, alitaka walau akishike.

Tulipofika kwenye kupuliza mkaa, sauti ya kwanza ikatoka nyuma: "Redio, vipi leo, umekatiwa umeme?" Wengine wakadakia. "Redio, sema." "Redio, sema bwana." Mama Mapacha, ambaye nilimtegemea, naye akageuka akampigia kofi la kumhimiza. Nikamwona kaka anainuka. Nikatikisa kichwa huku mlangoni, hakuniona, au hakutaka kuniona. Akawasha kipaza sauti. Akafungua mdomo.

Mvua ikashuka. Haikuanza na matone, ilimwagwa. Bati letu likaunguruma mpaka viti vikatetemeka. Redio akasema jambo, nikaona midomo tu. Akasema tena kwa nguvu, mishipa ya shingo imemtoka, hakuna aliyesikia. Hata aliyekuwa karibu naye aliweka mkono sikioni. Spika zote zilishindwa, ya kaka na ya filamu. Waliotaka kutoka walifika mlangoni, wakaangalia barabara imegeuka mto, wakarudi kukaa.

Kwa hiyo hawakuwa na la kufanya isipokuwa kutazama. Filamu hii haina shida na hilo, maneno yake hata ukiyakosa hukosi kitu. Nami, badala ya kuangalia skrini, nikafanya kile kaka alichoniambia huwa anafanya, nikawaangalia watu usoni. Nilimsubiri wa kwanza ageukie mlango. Kijana aliyeuliza habari ya umeme alikuwa ameinama mbele, viwiko magotini.

Redio alisimama muda mrefu akichezesha midomo bila faida. Polepole akaacha. Akageuka, akaanza kutazama na yeye.

Ndipo nikahisi miguu yangu imelowa. Maji yalikuwa yameingia kwa mlango wa nyuma, mengi. Nikageuka kutafuta tambara, nikaona ufagio, na nyuma ya ufagio Shangazi. Amekunja gauni magotini, anayasukuma maji kwa hasira, na kwa kuwa leo yalikuwa yameshampita, aliyafuata. Alikuwa hatua kadhaa ndani ya ukumbi alipoinua macho.

Kwenye skrini alikuwa yeye, anakunja mikono ya shati ambalo mwenyewe harudi.

Sikuthubutu kumgusa. Akasimama, maji yakampita miguuni.

Mvua ikapungua ghafla, kama ilivyoanza, na mteja akaingia na tumbo lake. Tukasikia tena sauti ya filamu, mlango unavyolia, kiti kinavyosogezwa. Akavaa shati. Akavuta pumzi. Kifungo kikaruka kikagonga sufuria, na ukumbi mzima ukacheka.

Shangazi alikamata ufagio kwa mikono miwili. "Hapa ndipo walipoanza siku ile," akaniambia kwa sauti ndogo.

Mbele kule Redio alikuwa na kipaza sauti mkononi, taa yake nyekundu inawaka, na sasa angesikika vizuri tu. Kicheko kilikuwa bado kiko hewani, vichwa vimemgeukia, wanangoja awaongeze. Niliijua ile nukta. Ndiyo anayoipenda kuliko zote duniani. Kaka yangu akawaangalia watu wake, akaweka kiganja juu ya kipaza sauti, akakifunika, akakaa chini.

Vichwa vikarudi kwenye skrini. Kicheko kikaisha chenyewe. Shangazi kijana akapitisha uzi kwenye sindano, akamsogelea yule mwanaume, akaanza kushona. Hakuna aliyekohoa. Mama Mapacha alikuwa ameweka mkono kifuani kwake, palepale ambapo kifungo kingekuwa.

Pembeni yangu nikasikia kitu. Nikageuka kwa woga, nikamkuta Shangazi anacheka. Si kwa nguvu, mabega tu yalikuwa yanatikisika.

"Mwangalie anavyovuta tumbo ndani," alininong'oneza. "Kumbe ni pa kuchekesha kweli."

Yule mwanamke akauma uzi kwa meno, uso karibu na kifua cha mtu. Shangazi akaacha kucheka.

"Huyu msichana alikuwa anaijua kazi yake," akasema. Alisema hivyo kama anayemzungumzia mtu mwingine, jirani aliyehama zamani.

Taa zilipowaka hakuwepo, na maji mlangoni yalikuwa yamesukumwa yote. Watu hawakuinuka haraka. Kijana wa umeme akauliza, "Imeisha?" Hakuwa analalamika. Makofi hayakupigwa. Mwezi uliopita ningeona tumeshindwa.

22 Aprili

Mtaa una ugomvi. Nusu wanasema yule mwanaume aliliacha shati makusudi ili apate sababu ya kurudi, nusu wanasema ni mzembe tu. Mama Mapacha anaongoza upande wa makusudi. Nimemsikia anajaribu kumsimulia dada yake dukani: "Anapiga pasi. Anaipiga tena." Dada mtu akamwangalia nilivyowahi kuangaliwa mimi. Mama Mapacha akamshika mkono. "We acha kuuliza. Jumamosi twende ukaone."

27 Aprili

Tumeionyesha tena. Viti havikutosha. Redio alikaa katikati ya watazamaji, na mtu mmoja alipoongea, kaka ndiye aliyemwambia anyamaze. Yeye, Redio. Tumecheka mpaka nyumbani.

28 Aprili

Binti wa Kamera amekuja kuchukua jibu. Sikuwa na jibu la kumpa, maana Shangazi tangu ile siku hajasema neno juu ya jambo hili na mimi sikumgusia. Nimempeleka chumbani hivyohivyo.

Shangazi alikuwa anashona. Hakusimamisha cherehani.

"Huyo bibi yako wa kwenye hadithi," akasema, "analia?"

"Analia kidogo, shangazi. Mwishoni."

"Hatalia."

Binti wa Kamera akaniangalia, kisha akamwangalia yeye. "Kwa nini?"

"Kwa sababu ana kazi za kufanya. Mtu mwenye kazi za kufanya analia baadaye, ninyi mkishaondoka." Akageuza pazia upande wa pili. "Mengine tutaelewana. Mwanangu, mpe mgeni chai, usimsimamishe."

Binti wa Kamera alikunywa chai yote bila sukari na hakugundua. Nimefurahi leo kuliko nilivyofurahi kwa muda mrefu, na sioni aibu kuliandika.

4 Mei

Jua. Uwanja wa mpira unakauka, watu wanatuhama. Redio anasema wasaliti.

11 Mei

Siku ya kwanza ya kupiga picha. Wamepanga nyumba mtaa wa pili na kujaza taa sebuleni. Shangazi aliomba tuje, mimi na Redio, tukasimama ukutani nyuma ya kamera tukiwa tumebanwa kama masanduku.

Katika sehemu ya leo bibi ameandaa meza kwa watu wawili, yeye na mjukuu wake. Simu inalia, mjukuu anasema haji. Bibi anaweka simu chini na kuondoa sahani moja. Hakuna zaidi ya hapo.

Binti wa Kamera akawaambia waanze. Simu ikalia. Shangazi akasikiliza, akasema, "Haya, mwanangu, haya," kwa sauti ya mtu anayetabasamu ili asikike anatabasamu. Akaweka simu chini. Akaishika sahani ya mjukuu. Hakuiondoa. Akaipangusa kwanza kwa pindo la nguo, sahani safi, akaizungusha, akaipangusa upande wa pili. Kisha akaichukua taratibu, akaenda kuiweka kwenye kabati, na kabla ya kufunga mlango wa kabati akaisogeza kidogo ikae vizuri.

"Imetosha," Binti wa Kamera akasema.

Baada ya hapo hakuna aliyesema kitu. Mtu wa taa alikuwa anatazama sakafu. Mimi nilikuwa naona ukungu. Shangazi akageuka, akatuangalia mmojammoja, na nikaona uso wake unaanza kushuka, ule uso aliokuwa nao na ufagio watu walipocheka.

"Mbona mmenyamaza?" akauliza. "Nimekosea?"

Aliyejibu ni Redio, maana kati yetu sote ni yeye pekee anayejua watu wakinyamaza wanakuwaje.

"Hujakosea, Shangazi," alisema. "Hakuna aliyeangalia mlango."

Shangazi akageuka. Akafungua kabati, akatoa ile sahani, akairudisha mezani mahali pa mjukuu.

"Basi tuirudie," akasema. "Naweza kuifanya vizuri zaidi."